Sentinele wa Pipa la Bluu

Harufu ya ndizi zinazoivia shimoni haifanani na harufu ya ndizi za sokoni. Ni nzito zaidi, imechanganyika na moshi wa majani makavu na udongo uliopata joto, na ikishaingia kwenye nguo haitoki kwa sabuni yoyote. Mimi niliivaa harufu hiyo utoto wangu wote. Tulikaa pembeni mwa mji wa Kasongo, katika mtaa ambao majirani karibu wote walikuwa Waislamu wa koo za siku nyingi, watu wa duka na shamba, na nyumba yetu ndiyo peke yake iliyotengeneza pombe. Hakuna aliyetutukana. Mama Zainabu, jirani wa upande wa kushoto, alikuwa akinipitishia wali na samaki juu ya ua kila Ijumaa, huku akisema kwamba pombe ni ya shetani lakini mtoto si wa shetani. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka ua huo, wala watoto wake hawakuruhusiwa, kwa hiyo nilicheza nao kwa macho tu. Wakiruka kamba, mimi nilihesabu kimoyomoyo upande wangu, na aliyekosea nilimcheka peke yangu.

Kiangazi ninachokikumbuka ni kile ambacho mama alikuwa Salamabila. Alikwenda kuwapikia chakula wachimbaji wa dhahabu, akaniambia kwamba mvua zikikatika nitamwona mlangoni. Mvua zilikatika, vumbi likapanda, shule zikafungwa, na mlangoni hakuonekana mtu. Vijana wa pikipiki waliotoka huko walituletea mche wa sabuni, siku nyingine kitenge, na kila mara neno lile lile: bado. Subira yavuta heri, walisema watu, na mimi nilivuta hadi mikono ikaniuma. Baba naye hakuwa mtu wa maneno. Alitengeneza redio sokoni, jioni akala, akalala. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba niliweza kusikia pombe ikichemka ndani ya pipa, vipovu vikipasuka kimoja kimoja. Nilimwomba anipeleke Salamabila. Akasema, na pombe tumwachie nani?

Hilo halikuwa neno la kukwepa. Nyumbani kwa kina mama, upande wa Kabambare, pombe inayochemka haiachwi peke yake. Mama alisema ni kama mgonjwa, inataka mtu pembeni. Ikipata joto kupita kiasi inakuwa chachu, ikipata baridi inalala na haiamki, na mwenye kukaa nayo ndiye anayejua lini aivishe gunia na lini amwagie gunia hilo maji. Mama ndiye aliyekuwa akikaa nayo. Alipoondoka, kazi ikatuangukia sisi wawili, na kwa kuwa wateja walikuja kila Jumamosi, na pombe hiyo ndiyo iliyotulisha, hatukuweza kutoka mjini. Asiyekuwepo na lake halipo, husema wahenga. Sisi kwetu ilikuwa kinyume: mama hakuwepo, lakini lake lilikuwepo, lita mia mbili, katikati ya chumba cha mbele.

Ndipo baba akaunda mashine. Alitoa kwenye friji iliyokufa kile kidude kinachopima joto, chenye mrija mwembamba wa shaba kama mkia wa panya. Akakiunganisha na betri ya pikipiki, paneli ndogo ya sola juu ya paa, na pampu ya kurushia maji kwenye kioo cha gari. Pipa lilivishwa magunia, ndoo ya maji ikawekwa chini, na ncha ya shaba ikabandikwa kwa mpira wa baiskeli kwenye sehemu ya pipa iliyoachwa wazi. Pipa likipata joto, shaba inahisi, pampu inakohoa, maji yanalowesha magunia. Likipoa, pampu inanyamaza. Siku nzima baba alikaza na kulegeza skrubu hadi mashine ikakubali joto analolitaka yeye. Akaiita sentinele, kwa maana ndiye mlinzi wetu. Kisha akaniambia maneno niliyoyashika kuliko sala: "Sentinele akilinda mara moja tu bila sisi, tutaenda ku Salamabila kuona mama yako."

Tukiwa nyumbani, sentinele alilinda vizuri mno. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu mlangoni, pampu ikikohoa mara chache mchana, na pombe ikatoka tamu. Basi tukajaribu kuiacha. Tulikwenda shambani alfajiri, tukarudi jioni, tukakuta ndoo imekauka, magunia yamekauka, na pombe inanuka siki. Baba akaimwaga. Akabadilisha nyaya. Tukaiacha tena, ikaharibika tena. Akaziba ndoo kwa lami, ingawa haikuvuja. Akawashuku mbuzi kwamba wanakunywa maji, akafunga ua. Akanishuku hata mimi kwamba nimechezea skrubu, na hilo liliniuma sana kwa sababu hakuna mtu duniani aliyetaka mashine ile ishike kuliko mimi. Mama Zainabu aliuliza juu ya ua kwa nini tunamwaga pombe kila mara, na baba alipomweleza akasema labda Mungu anamkumbusha jambo. Wateja nao wakasema pombe imezoea mkono wa mwanamke. Kila lilipomwagwa pipa moja, mimi niliona Salamabila ikisogea mbali.

Kikulacho ki nguoni mwako. Asubuhi moja baba alinituma sokoni kununua chumvi, naye akabaki, akakaa kwenye pembe ya chumba akiitazama mashine yake bila kuigusa. Niliporudi nilimkuta amechuchumaa, kiganja kwenye pipa. Pampu ilikuwa inakohoa mfululizo, na pipa lilikuwa baridi. Nilifikiri amekasirika. Akaninyooshea mkono kwenye kigoda changu mlangoni.

"Ikala pale unaikalaga," akasema.

Nikakaa. Mlango wetu ulitazama mashariki, nasi hatukuufunga hata tukitoka ili pombe ipate hewa, na jua la asubuhi lilikuwa likiingia moja kwa moja hadi kwenye pipa. Kivuli changu kikaifunika ile ncha ya shaba, na baada ya muda mfupi pampu ikanyamaza. Akaniambia nisimame. Jua likapiga shaba, shaba ikadhani pipa linaungua, pampu ikaanza. Nikakaa, ikanyamaza. Ndivyo ilivyokuwa siku zote tulipoondoka: asubuhi yote mashine ilimwaga maji kwa sababu ya jua tu, na joto la kweli la alasiri lilipofika ndoo ilikuwa tupu. Nikiwepo, mgongo wangu uliizuia. Baba alicheka, mara ya kwanza tangu mama aondoke, na mimi nikacheka kwa sababu niliona safari. Kisha akaacha kucheka.

"Juu ya nini unaikalaga pale kila asubuhi?"

Nikamwambia sababu ya kweli. Vijana wa pikipiki wanaotoka Salamabila hulala Wamaza, huingia Kasongo asubuhi, na kutoka kwenye kile kigoda ndipo barabara inapoonekana.

"Pale naonaga barabara, baba."

Baba alichukua pindo la shati lake akaisugua ile shaba, ingawa haikuwa na uchafu wowote, akaendelea kuisugua hadi nikaenda kuweka chumvi jikoni.

Siku hiyo hiyo alitoboa mfuniko, akaiingiza ncha ya shaba ndani ya pipa katika mrija wa plastiki aliouziba kwa nta. Tukaiacha mashine, tukarudi, tukakuta ndoo nusu na pombe tamu. Baba akaweka beseni kubwa la maji mahali pa ndoo, la kutosha siku kadhaa, tukapanda pikipiki. Nakumbuka vumbi la njia ya Wamaza, madaraja ya magogo tuliyovuka kwa miguu, na baba akinishika kiuno kwa mkono mmoja kama mzigo wa sukari. Mama tulimkuta chini ya turubai, katikati ya masufuria makubwa na wanaume wenye matope hadi magotini. Alinikumbatia akalia, akanisuka nywele, akanilisha nyama hadi tumbo likaniuma. Usiku wa pili yeye na baba waliongea nyuma ya turubai, kwa sauti ya chini, bila ugomvi. Asubuhi mama alinifunga kitambaa kichwani akasema, "Rudi na baba yako. Miye nimeshaikala huku." Nilisubiri aongeze neno bado, lile nililolichoka. Hakuliongeza.

Tuliporudi Kasongo, pombe ilikuwa imeiva vizuri kuliko zote. Wateja waliisifu, wakasema mkono wa mwanamke umerudi. Baba hakuionja. Mimi nilisimama mlangoni nikaona kwamba kigoda changu hakina kazi tena, si kwa mashine wala kwa barabara, nikakihamishia jikoni. Upweke wa kusubiri niliujua. Huu wa kutomsubiri mtu ulikuwa mpya, na ulikuwa mbaya zaidi.

Leo ninaishi Uvira, ninatunza vyumba vya barafu vya wafanyabiashara wa samaki. Simu yangu inaniambia joto la kila chumba hata nikiwa kitandani, na mtambo unaohitaji mtu akae pembeni yake tunauhesabu kuwa mbovu. Kiangazi kilichopita nilikwenda Kasongo kwa njia ya Fizi na Kabambare, nikaingia mjini asubuhi. Nikiwa bado mbali kwenye barabara nilimwona baba amekaa mlangoni, kwenye kigoda kile kile, mzee sasa, akiutazama upande niliotokea. Tulisalimiana, nikapita ndani, nikaona pipa la bluu, na ncha ya shaba imebandikwa nje kwa mpira wa baiskeli, pale pale pa zamani.

"Baba, hii makosa ulishaitengeneza."

"Najua," akasema. "Lakini ikiwa ndani iko kimya. Ikiwa pale, asubuhi inaniitaga."

Alikuwa amesimama kunipokea, na jua lilikuwa limeshaingia hadi kwenye pipa. Pampu ikaanza kukohoa. Sikumfundisha chochote. Nilikwenda jikoni nikaleta kiti, nikakiweka kando ya kigoda chake, tukakaa wawili tukitazama barabara, hadi pampu nyuma yetu ikanyamaza.