Aliyefichwa Kwenye Jalada la Santuri

Niliondoka Voi kwa sababu kaka yangu Mwakio alikuwa anapoteza macho, na mimi nilikuwa na kitu alichotaka kukiona kabla hayajaisha kabisa. Kitu chenyewe ni jalada la santuri ya muziki wa roki. Najua mtacheka. Mwanamke wa umri wangu, mwalimu mstaafu, anapanda ndege mpaka Stockholm kupeleka karatasi ngumu ya santuri! Ngojeni niwaeleze.

Kaka alipokuwa na miaka kumi na saba, tukiishi nyumba za reli, mwalimu mmoja Mzungu alikuwa akifungasha kurudi kwao na akamgawia santuri ile. Akamwambia kwamba mchoraji wa jalada amemficha mtu ndani ya picha, na anayemtafuta kwa haraka hamwoni. Basi kaka akawa kila jioni analiinamia. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na alinikataza kuligusa hata kwa kidole. Niliona uchungu sana. Wiki hiyo hiyo akaja mhubiri mjini, akasema uwanjani kwamba shetani anajificha kwenye majalada ya santuri za roki, vijana wazilete zichomwe. Nikaenda mbio nyumbani kumchongea kaka. "Mama, Mwakio analo moja, na kweli mna mtu amefichwa ndani."

Mama alilichukua siku ile ile. Kesho yake akamwambia kaka kwamba limechomwa pamoja na mengine. Miaka michache baadaye kaka akapata nafasi ya masomo Sweden, akaenda, akakaa huko. Alimpigia mama simu kila Krismasi, akatuma pesa za dawa, lakini ile sauti ya mtoto anayemtania mama yake hatukuisikia tena. Nami sikuwahi kumwambia ni nani aliyesema.

Mama alifariki mwaka jana. Nikipanga vitu vyake, chini kabisa ya sanduku la vitambaa vya kanisani, nikakuta kitu bapa cha mraba kimefunikwa kwa karatasi ya khaki, kingo zimekunjwa vizuri kama tulivyofunikiwa vitabu vya shule. Nilijua papo hapo. Sikuweza kungoja, nikavuta kona moja, na kipande cha rangi kikang'oka nayo. Nikaacha. Nikampigia kaka.

"Hakulichoma," nikamwambia.

Akasema, "Usilifungue. Lete. Daktari anasema miezi, Wakesho, si miaka."

Asubuhi ya safari nililibana kati ya vipande viwili vya mbao nyembamba, nikalifunga kwa leso mbili, nikapanda treni ya kwenda Nairobi nikiwa nimelipakata. Kijana wa ukaguzi uwanja wa ndege aliniuliza ni nini. Nikamwambia ni picha. Picha ya nini? Nikamwambia, "Ndugu yangu, hilo ndilo ninaloenda kujua." Akanitazama, akanipisha.

Uwanja wa ndege wa Arlanda, Stockholm, nilifika mchana, nimevaa sweta mbili, kumbe jua linawaka. Jua lenyewe halina joto, lakini linawaka. Kaka alikuwa amesimama mahali pa kupokelea wageni, mrefu vile vile, mvi kichwa kizima. Nikampungia mkono. Hakupunga. Nikamwendea mpaka mbele yake, akawa anatazama ukuta ulio kando ya sikio langu. Nikakasirika kidogo, nikadhani ameanza maringo ya ughaibuni.

"Mbona huniangalii?"

"Ndiyo ninakuangalia hivyo," akasema. "Katikati pamekufa. Nikikutazama usoni huna uso. Nikitazama pembeni ndipo unakuja kidogo, umefifia." Halafu akanikumbatia, leso na mbao zikiwa kati yetu. Alitaka kuniambia kwa simu kwamba yamefika hapo, akashindwa. Nililia pale pale, watu wakipita na masanduku yao, na hakuna aliyegeuka. Wenyeji wa huko wanakuachia kilio chako.

Hagsätra, mtaa wa kaka, ni mwisho wa njia ya kijani ya treni. Ghorofa zake ni za matofali ya manjano, katikati kuna miti mingi ya misonobari na mawe makubwa ambayo hakuna aliyejisumbua kuyaondoa. Kaka anakaa peke yake ghorofa ya pili. Tulikula ugali wa unga anaoununua mtaa wa Rissne kwa Wakongo, na sukuma wiki ambayo si sukuma wiki, ni mboga nyingine ya huko, lakini usiku ule sikuona tofauti. Jalada tuliliweka juu ya meza, ndani ya khaki yake. Alilipapasa kingo zote nne.

"Lakini kaka," nikamuuliza, "maduka ya hapa si yamejaa hizi santuri? Hujawahi kulikuta?"

"Mara mbili, Vällingby. Nililiona kwa mbali nikageuka nikatoka dukani."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimenuna."

"Miaka yote hiyo?"

"Wewe si wamjua mama yako? Basi mimi ni mwanawe."

Siku ya pili tulikwenda Rissne. Ukitoka Hagsätra unashuka kituo kikuu cha kati, unahamia njia ya buluu, unazama chini kabisa ya mwamba. Kituo cha Rissne kuta zake zimeandikwa historia ya dunia kuanzia mwanzo hadi mwisho, nami kwa ualimu wangu nikaanza kusoma, kaka akanivuta mkono. Alikuwa na haraka. Alitembea mbele yangu kwa kukumbuka, akihesabu ngazi kwa midomo.

Tuliyemwendea anaitwa Papa Déo, mzaliwa wa Bukavu. Kazi yake ni kutengeneza vitabu na karatasi za kale kwenye hifadhi moja ya nyaraka, na wanafahamiana na kaka tangu kwaya ya kanisa.

"Karibuni, karibuni! Mulifika muzuri?" Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mama, hapa kwetu viatu vinabakia mulangoni."

Meza ya jikoni alikuwa ameitandika kitambaa cheupe. Akafungua leso zangu, akawasha taa, akainama na kioo cha kukuzia. Kaka alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono magotini. Nilisikia saa ya ukutani.

"Hii colle, hii gundi, iko ya bunga ya ngano," Papa Déo akasema. "Ingekuwa ya dukani tungelia." Akachemsha maji kwenye birika, akapitisha mvuke kwenye kingo, polepole, akiingiza kisu chembamba cha mfupa. Kisha akasimama. "Na hapa kwenye kona, nani alivuta?"

"Ni mimi," nikasema.

"Ah, mama. Huo ndio ubaya wa pekee ulio hapa."

"Wa pekee?"

"Mama yenu hakupaka colle kwa picha. Alibandika karatasi kwa karatasi tu, vile munafunikaka kitabu cha mutoto. Pale tu kona ilishika bahati mbaya." Akainua ukingo wa khaki kwenye mwanga. "Na hii karatasi haiko ya zamani. Munaona chini? Kuna alama za ingine, na ingine tena mbele yake. Alikuwa anaibadilisha. Ikichakaa, anavalisha mupya."

Mtu anayechukia kitu hakifuniki. Sisi tuliofunika vitabu kila Januari tunajua: unafunika ili kidumu. Na kila alipobadilisha khaki, ilimbidi mama alitoe jalada lote, alitazame.

"Kwa hiyo alikuwa akilifungua," kaka akasema kutoka mlangoni. "Alikuwa akilifungua, na hakunipigia simu."

"Alikudanganya, akaona haya," nikamwambia. "Kila mwaka haya ikazidi."

"Angesema tu. Ningecheka. Haki ya Mungu, ningecheka."

Akafuta macho kwa kiganja, macho yale yale yaliyokuwa yakimwishia.

Papa Déo akalitoa. Rangi zilikuwa mbichi kama za jana: milima ya zambarau, mto, kijiji kidogo, mawe, mwezi. Akalisimamisha juu ya rafu mkabala na dirisha. Tukaliinamia, yeye na kioo chake, mimi na miwani yangu. Tukatafuta kwenye mawe. Tukatafuta kwenye majani ya mti. Nikaona kitu kama pua, kumbe ni nyumba. Dakika zikapita. Nimemngojesha mtu wa watu mpaka mwisho wa macho yake, na hakuna kitu! Nikafikiria namna ya kumdanganya. Nilikuwa tayari kusema kuna uso wa mzee kwenye mawingu, naapa.

"Kaka," nikaanza, "hapa juu kwenye..."

"Mmesongea sana," akasema. "Hebu tokeni hapo mnaniziba."

Tukatoka. Yeye hakuinuka kitini. Aligeuza uso kuelekea jokofu, akalitazama jokofu, na taratibu mdomo wake ukafunguka.

"Ni mama," akasema. "Amekaa. Amepakata mtoto. Mlima ni bega lake. Mto ni kitambaa alichojifunika. Mwezi ni kichwa cha mtoto. Jamani, hamumwoni? Ni mkubwa, amejaa picha nzima!"

Papa Déo akarudi nyuma hadi ukutani. "Siioni," akasema, "siioni... Eh! Yesu wangu!"

Mimi nikavua miwani. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. Ukungu ukaingia kwenye milima, nyumba zikapotea, mawe yakapotea, na akaja. Bega, shingo iliyoinama, mkono unaozunguka. Alikuwa pale muda wote. Sisi wenye macho mazima tulikuwa tukihesabu mawe.

Ndipo nikashindwa kujizuia. "Kaka, ni mimi niliyesema. Siku ile. Mimi ndiye niliyemwambia mama."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya pazia."

"Na hukuwahi kuniuliza?"

"Ulikuwa na miaka tisa, Wakesho. Ningekuuliza nini? Njoo hapa." Akanishika kichwa kama zamani, akakitikisa. Papa Déo akajifanya ana shughuli na birika.

Wiki mbili zilizobaki kaka alilitazama jalada kila asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, kiti kikiwa mahali pamoja. Mimi nilimsomea barua, nikampikia, tukagombana juu ya chumvi. Siku ya kurudi hakunisindikiza, alisema ngazi za kituo zimeanza kumchanganya. Aliniaga mlangoni, nikashuka peke yangu na begi langu na leso mbili tupu.

Nyumbani wengi wameniuliza nimejifunza nini huko Ulaya. Nimejifunza kwamba katika nyumba yetu tulipendana sana na tukafunika, na kwamba simu moja ingetosha. Ndiyo sababu siku hizi nawapigia watu ovyo ovyo, mpaka wanangu wananishangaa.

Jumapili iliyopita kaka alipiga yeye. Daktari amemwambia jicho la kushoto limezima, na la kulia limebaki kwa jina tu.

"Sasa unaona nini?" nikamuuliza.

"Mwanga wa dirisha. Basi." Nikasikia akicheka, kicheko kile cha nyumba za reli. "Lakini yule mama nilimwona kabla yenu. Usije ukasahau kuwaambia watu."

"Sitasahau, kaka," nikasema.