Mtakatifu wa Shingoni

Juzi niliona kwenye simu picha ya medali ya zamani yenye sura ya mwanamume akilima, tuzo aliyopewa Mzungu aliyeboresha plau ya kukokotwa na ng'ombe. Niliitambua. Ya kwetu ilitoka kwa babu, aliyefanya kazi shambani mwa Wazungu. Nilipokuwa mtoto, alasiri ya safari yake, kule mtaani kwetu Mangobo, mama alinivalisha shingoni, vidole vyake vikinuka mawese.

“Huyu iko mutakatifu. Umuombe, atanirudisha.”

“Anaitwa nani?”

Lori la kwenda Bafwasende lililokuja kumchukua likanguruma, sikusikia jibu. Nilibaki kizingitini nikimwomba yule mwanamume wa kwenye medali, aliyeinama nyuma ya ng'ombe, na kwa kuwa sikujua jina lake, nilimwita Papa.

Mama hakurudi. Kwa miaka mingi niliamini ni kwa sababu nilikosea jina.