Mwanafunzi Mmoja wa Testi Zote

Bado nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Shule moja ya hapa Kamina ilinipa mimi na mwalimu wake wa informatiki kazi ya kutengeneza programu ya bulletini, yaani ripoti za alama za wanafunzi, kwa PHP, lugha ya kompyuta niliyojifundisha kwenye simu. Kwa kuwa naogopa makosa kupita kiasi, niliandika testi: vipande vifupi vinavyokagua kama programu inahesabu sawa. Lakini nilizipanga vibaya. Zote zilimtumia mwanafunzi mmoja wa kubuni: testi ya kwanza inamwandikisha, ya pili inampa alama, ya tatu inamtafutia asilimia. Ukiendesha ya tatu peke yake, inatoa nyekundu, ishara ya kosa, kwa kuwa mwanafunzi bado hajaandikishwa, ingawa programu haina kosa. Nilijua, nikaona aibu kusema.

Siku mbili kabla ya matokeo kusomwa uwanjani, mwalimu alibadilisha jinsi programu inavyohesabu asilimia. Testi moja ikawa nyekundu: ile inayomchukua mwanafunzi huyo kama aliyesamehewa mazoezi ya mwili kwa sababu ya ugonjwa, ambaye somo hilo halipaswi kuingia katika jumla yake. Mwalimu akaihamishia kwenye folda isiyosomwa. Kila kitu kikawa kijani.

Uwanjani, msichana mwenye mguu mbovu, wa kwanza darasani mwaka mzima, akasomwa wa saba: mazoezi ya mwili yalikuwa yameingia kama sifuri. Mama yake alikuwa ameshafungua kopo la poda ili ammwagie kichwani, kama tunavyowapongeza washindi huku.

Nilimvuta mwalimu pembeni. "Ile testi ulipeleka wapi?"

"Niliweka tu mu archives. Eh, petit, testi zako zinaliaka kila siku bure! Ya kweli ningejulia wapi?"

Nilihesabu upya alama za msichana. Nikampelekea prefe, mkuu wa shule, hesabu sahihi. Alikubali. Bulletini mpya ikatiwa saini ofisini, mlango umefungwa: wa kwanza.

"Sasa mutamuita tena mu kiwanja, Papa Prefe?" mama wa msichana akauliza.

"Mama, bantu balishaenda. Karatasi si njo hii?"

Hawakuwa wameenda! Tuliwasikia wakiimba. Nikasema hivyo.

"Weye, tengeneza kwanza machine yako," prefe akanijibu.

Mama akaikunja karatasi, akanishukuru mimi. Mimi!

Kesho yake nilizivunja testi zote, kila moja nikaipa mwanafunzi wake wa kubuni. Sasa nyekundu ikitokea, ina maana. Msichana hakuitwa tena uwanjani.