Watoto Wanne kwa Vyumba Viwili

Mwanangu alikuja Jumamosi asubuhi na karatasi. Hakuja na sukari wala sabuni, kama mtoto anavyokuja kwa mama yake. Alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya meza yangu hapa Luzira, Kampala, akaisoma kwa sauti kama anayeita majina ya walinzi wa zamu. Godoro kubwa moja. Magodoro madogo mawili. Jiko la gesi na mtungi wake. Kabati la vyombo, mlango mmoja umevunjika. Binti, mmoja.

Huyo binti mmoja ni mjukuu wangu, yule anayeniita Habuba, yaani bibi kwa Kinubi. Alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, miaka kumi na miwili, kitabu cha hesabu magotini. Kwenye orodha ya baba yake aliandikwa baada ya kabati, na yeye hata mlango haujavunjika.

Mwanangu ni sajini. Nilimlea peke yangu katika mji huu ili awe raia, avae shati la kawaida, alale mahali pamoja mpaka godoro limjue. Alipofika miaka ishirini akajiandikisha jeshini bila kuniuliza. Siku aliponijia na buti zake mpya nilimwambia, hongera, umetafuta mji mzima jambo ambalo mama yako alilikimbia, na umelipata.

Sasa alikuwa amepewa uhamisho kwenda kaskazini, mbali, mahali ambapo hata mtandao wa simu hufika ukiwa umechoka. Mke wake na wale watoto watatu wadogo walikuwa wamekwisha kufunga mizigo kambini kwao, upande wa pili wa mji. Huyu mkubwa alikuwa akikaa kwangu mwaka wa pili huo, maana shule yake iko Nakawa, na kwangu anakula vizuri. Mimi siku zote nilijua watampitia siku moja. Nilichokuwa sijui ni kwa nini waliharakisha hivyo, mwezi wa saba, wakati mtihani wa kumaliza darasa la saba ni mwezi wa kumi na moja.

Nikamuuliza. Akazungukazunguka kidogo, akasema mambo ya familia kuwa pamoja, akasema mtoto anamhitaji baba. Nikamwambia aseme ukweli au aende. Ndipo akasema. Kule waendako nyumba hugawiwa kwa vichwa. Askari mwenye watoto wanne anapata vyumba viwili. Mwenye watatu anapata kimoja, na akinung'unika anaambiwa aende akaongeze bidii. Siku ya kugawa, familia zinasimama nje na afisa wa nyumba anapita akihesabu. Mtoto asiyeonekana hahesabiwi.

Kwa hiyo baba mtu hakuja kumchukua mwanawe. Alikuja kuchukua chumba cha pili.

Tulipokuwa tunabishana, mtoto alifunga kitabu chake, akainuka, akaanza kukunja nguo. Hapo ndipo moyo wangu ulipochomwa. Hakulia, hakuuliza. Alizungusha sare yake ya shule kwa kuikaza, vile askari anavyozungusha blanketi, akaingiza soksi ndani ya viatu, vitabu chini, nguo juu. Dakika kumi hazikuisha, maisha yake yote yalikuwa ndani ya begi moja. Watoto wa wenzangu wakiambiwa waende hata Entebbe kwa siku mbili wanatafuta kiatu nusu siku.

Nikamwambia arudishe nguo kwenye kamba. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akawa anapima ni nani kati yetu mwenye cheo kikubwa.

Mimi najua kukunja kwa namna hiyo. Baba yangu alikuwa askari, baba yake alikuwa askari, na baba wa huyo aliletwa na Wazungu kutoka Sudani akiwa na bunduki begani. Sisi Wanubi tumezaliwa tumesimama mstari. Nimekulia katika kambi nyingi kuliko vidole vya mkono. Mama yangu hakupanda muhogo hata siku moja. Alipanda maharage na dodo, mboga ambayo ukigeuka imeota. Muhogo, alisema, ni wa watu wenye kwao. Mapazia yake yalikuwa yale yale miaka yote, ila kila tukihama aliyapunguza au kuyateremsha pindo, kwa sababu hakuna kambi mbili zenye madirisha ya kimo kimoja. Mwishoni yale mapazia yalikuwa na mistari ya sindano kama uso wa mzee.

Na shule yangu ilikuwa hivyo hivyo. Nyumbani tulisema Kinubi, kambini Kiswahili, na hicho Kiswahili ukikisema mjini watu walifunga milango, kwao kilikuwa lugha ya askari, walidhani umekuja kuwaibia. Lakini shuleni watoto wadogo walifundishwa kwa lugha ya mahali. Jinja nikaanza kusoma kwa Kisoga. Nilipoanza kuelewa, lori likaja. Tukapelekwa magharibi, mwalimu akanisikiliza, akasema huyu hajui kitu, arudie. Nikajifunza Kinyankole. Lori likaja. Tukapelekwa kaskazini, nikakuta Kiacholi, mwalimu akasema huyu hajui kitu, arudie. Darasa la tatu nimelisoma mara tatu kwa lugha tatu, na mara zote tulipofika kwenye ukurasa wenye picha ya mbuzi, tulihama. Mpaka leo sijui yule mbuzi alifanya nini. Mara ya tatu nilikuwa nimeanza kuota maziwa, nimekaa dawati moja na watoto wenye meno ya utoto, wakiniita mama wa darasa. Siku moja nikatoka kwenda msalani, sikurudi.

Kuhesabiwa nako nakujua. Wakati wetu afisa wa nyumba alikuwa hana la kumsaidia ila macho, na macho yenyewe yalikuwa ya mtu aliyeamka na pombe. Kwa hiyo wake wa askari waliazimana watoto. Mimi niliazimwa sana kwa sababu nilikuwa nasimama wima na nilikuwa na sura ya mtu yeyote. Asubuhi moja nilihesabiwa katika nyumba tano. Nilikimbia kwa nyuma ya vibanda, navua gauni hili, navaa lile, naingia mstari mwingine, naitwa jina lingine, naitika. Kwa baba mmoja nilikuwa na miaka saba, kwa mwingine kumi. Siku hiyo pia sikwenda shule, bila shaka. Ila jioni nilikula mara tano.

Basi nikamwambia mwanangu, azima.

Akacheka kwa pua. Akasema siku hizi kuna vyeti vya kuzaliwa, kuna picha, afisa anampiga mtoto picha kwa simu hapo hapo.

"Basi jeshi limeharibika," nikamwambia.

Hakucheka tena. Akasema wala nisihangaike na mtihani, hilo ni jambo dogo. Yeye ataandikiwa barua ya uhamisho yenye mhuri, mtoto ataripoti shule iliyo karibu na kambi mpya, na mtihani ataukuta huko. Aliongea kwa utulivu kabisa. Na mimi nikamwelewa, ndiyo maana nilimhurumia kidogo. Katika maisha yake kila kitu kinahama kwa barua. Mshahara unahama kwa barua, mgawo wa chakula unahama kwa barua, bunduki inahama kwa barua. Kwa nini mtihani usihame? Raia hawezi kufanya kosa la namna hiyo. Raia anajua kwamba ofisi mbili hazisalimiani.

Mimi shule sikuimaliza, lakini kwenye mikutano ya wazazi nakaa mbele. Nikamwambia, twende Jumatatu ukaseme hivyo hivyo mbele ya mwalimu mkuu.

Jumatatu akaja amevaa sare, suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate. Mwalimu mkuu ni mwanamke mfupi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Alimsikiliza mpaka mwisho, barua, mhuri na kuripoti, kisha akavaa miwani ili amwone vizuri.

"Afande, mtoto nilimwandikisha mtihani mwezi wa tatu. Namba yake ni ya shule hii. Ukimchukua, yeye anakwenda, namba inabaki."

"Hata nikileta barua?"

"Hata ukija na kifaru."

Mwanangu akasimama, akashukuru, akatoka. Buti zake zilipiga kelele kwenye veranda yote. Mimi nilidhani yamekwisha. Tulipofika langoni, pale wanapochoma mahindi, akasimama akanigeukia, akasema basi, mtoto atarudia mwaka ujao, hukohuko.

Neno hilo. Kama angenipiga kofi ningelipokea vizuri zaidi.

"Kurudia si kufa, Mama," akasema alipoona uso wangu.

"Ni kufa polepole, darasa zima likikutazama. Mimi nimekufa hivyo mara mbili. Uliza hapa kaburi langu liko wapi, nitakuonyesha dawati."

Akasema nimezidi maneno. Akasema watoto wake watatu watalala wapi, yeye na mke wake watalala wapi, chumba kimoja, joto la kule. Na hapo alikuwa na haki, sitasema uongo. Nimelala katika vyumba hivyo. Usiku unasikia kila mtu akimeza mate.

Wakati huo kengele ya mapumziko ilikuwa imelia, na mjukuu wangu alikuwa ametuona. Akaja, akasimama mbele ya baba yake, mikono nyuma, visigino pamoja. Hakuna aliyemfundisha kusimama hivyo, wanazaliwa nako. Baba yake akamweleza habari yote kwa sauti ya chini, vyumba viwili, mwaka ujao, shule mpya. Akamaliza akamuuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa, Baba. Ukiniamuru nitakwenda," mtoto akasema. "Ila sema ni amri."

Watu wa nje hawataona uzito wa neno hilo, kwa hiyo nitaeleza. Kambini ushauri hauna mwenyewe, mazoea hayana mwenyewe, lakini amri ina mwenyewe. Mambo yakiharibika, jambo la kwanza wanalouliza ni nani alitoa amri. Kila mtoto wa askari anajua hilo kabla hajajua sala. Huyu mtoto hakukataa kwenda. Alikuwa anataka tu jina la mwenye kosa liandikwe mapema.

Mwanangu huwapigia kelele wanaume arobaini kila asubuhi, na wote wanageuka kushoto.  Pale langoni akamtazama mwanamke wa mahindi. Mwanamke wa mahindi akatazama mahindi yake. 

"Rudi darasani," akasema mwishowe.

"Hiyo ni amri?"

"Rudi darasani, mtoto wewe."

Akarudi. Hakukimbia, alitembea. Baba yake akanunua hindi moja, akalila lote bila kunigawia, akaenda zake. Jumatano lori likaondoka na magodoro, na jiko, na kabati.

Walipewa chumba kimoja. Mke wake alinipigia simu kila Jumapili kunipa habari, na kila Jumapili kilikuwa chumba kile kile ila kimepungua. Mtoto wa mwisho anampiga mateke ya mbavu. Mume analala miguu iko mlangoni, mtu akitoka usiku anamkanyaga sajini mzima. "Tumejazwa kama sigara kwenye paketi, Mama," aliniambia, na nilisikia kwamba alikuwa karibu kulia, na kwamba alitaka niombe radhi. Nilimpa pole. Radhi sikuomba. Nilimtumia shuka mbili na samli, lakini radhi sikuomba. Vyumba vitagawiwa tena, askari hawaishi kuhama. Darasa la saba la mjukuu wangu lilikuwa moja.

Yeye alisoma mpaka macho yakawa mekundu. Mimi nisingeweza kumsaidia kwa kitabu, basi nilimsaidia kwa kunyamaza, na kwa kumfukuza jirani mwenye redio. Siku ya kwanza ya mtihani nilimpikia chai ya tangawizi na mandazi, akaambulia chai. Nikamsindikiza Nakawa, nikakaa ng'ambo ya barabara kwenye jiwe. Mlinzi wa shule akavuka kuja kuniuliza namngoja nani, maana mtihani unaisha saa kumi. Nikamwambia simngoji mtu, naangalia tu lori lisije. Akanitazama kama mgonjwa, akaniletea kiti.

Matokeo yalikuja mwezi wa kwanza kwenye simu. Daraja la pili. Yeye alitaka la kwanza, akalia jioni moja nzima, nikamwacha alie, machozi ya mtu aliyefika mwisho ni tofauti na ya mtu aliyekatizwa. Jirani yangu, ambaye mjukuu wake alipata la kwanza, alikuja kunipa pole. Nilimrudishia pole yake, nikamwambia aitunze, ataihitaji huko mbele.

Mwezi uliofuata mwanangu alikuja likizo na askari wenzake wawili. Nikawapikia pilau. Wakala, wakampongeza binti, mmoja akauliza ilikuwaje mtoto akabaki Kampala peke yake mwaka wa mtihani. Mwanangu akajifuta mdomo, akakaa sawa kwenye kiti. Akaeleza jinsi alivyotafakari. Jinsi alivyopima, kama baba, faida ya vyumba viwili na faida ya elimu. Akasema askari wa kisasa lazima aone mbali. Akasema alikwenda mwenyewe mpaka kwa mwalimu mkuu kuhakikisha namba ya mtoto haiguswi.

Nikaweka kikombe chini. Nikavuta pumzi, na ilikuwa pumzi ndefu, yenye mahindi na lango na kila kitu ndani yake. Mjukuu wangu, aliyekuwa ameketi karibu nami mkekani, akanishika goti.

"Mwache, Habuba," akaninong'oneza. "Ndicho cheo pekee alichopata mwaka huu."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikajifunika uso kwa kanga. Mwanangu akaniona. Akadhani mama yake analia kwa fahari, akaongeza sauti, akaanza hadithi tena tangu mwanzo.