Vifaranga aliowabeba wifi yangu

Admin, naomba jina langu ulifiche. Mimi ni mama wa miaka sitini, mjane, naishi Karatu. Kanisani wananiita mama mlezi wa kwaya na kuninyanyukia nikae. Wangejua ninachowaandikia leo, nadhani wangehama benchi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nyumbani kwetu Buger. Mama aliletewa vifaranga hamsini wa kisasa kutoka Arusha, wa kwanza kijijini kwetu. Alivyojivuna nao, utadhani amenunua trekta. Bwana mifugo alikuja akatuonyesha namna ya kuwatunza: singibodi, ule ubao mwembamba wa dari, inakunjwa iwe duara, jiko la mkaa linakaa katikati, na wakikua unaongeza kipande kingine duara lipanuke. Alirudia mara tatu kwamba pasiwe na kona. Vifaranga wakisikia baridi hukimbilia kona na kulaliana, wa chini wanakosa pumzi. Mama alinikabidhi mimi kazi hiyo.

Kwenye kijumba cha nyuma alikuwepo mke wa kaka, nimwite Paskalina. Alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kwanza, wa miezi minne. Kwa mila zetu za Kiiraqw, mama aliyefiwa hivyo alikaa kando kwa muda mrefu. Alikuwa na vyombo vyake, haingii nyumba ya mtu, hagusi mifugo ya mtu, asije akahamishia wengine msiba. Kaka alikuwa kwenye mashamba ya kahawa, akija mara chache. Mimi nilimpelekea wifi maji, nikayaweka chini mbali kidogo, naye akangoja niondoke ndipo ayachukue. Nilimpenda, lakini nilimwogopa pia.

Wiki ya tatu vifaranga walibanana. Kipande cha kuongeza kilikuwa kwa jirani, ng'ambo ya korongo, na mimi nilikuwa na mazoezi ya kwaya. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Nikafungua lile duara, nikaegemeza ncha zake kwenye kuta mbili za chumba. Nafasi ikaongezeka, nikajiona mjanja. Mkaa niliongeza kidogo tu, nikaondoka.

Mchana ule ukungu ulishuka, ikanyesha mvua ya baridi ya mwezi wa saba. Niliporudi nilimkuta Paskalina ndani ya nyumba yetu, amepiga magoti, kanga yake imejaa vifaranga wanaolia. Nyuma yake, pale kwenye kona, wengine walikuwa wamelundikana wamekufa.

Akasema, "Wifi, walikuwa wanalia sana. Nimeshindwa kukaa."

Niliirudisha singibodi iwe duara. Nikawaokota wale waliokufa kwenye kona, nikawatawanya ndani ya duara, mmoja huku mwingine kule. Paskalina alinitazama mpaka nikamaliza. Muda si mrefu mama akaingia, kikapu bado kichwani.

Mama hakuuliza juu ya jiko wala kona. Aliuliza kitu kimoja tu, kwa nini mwanamke huyu yumo ndani. Wifi angeweza kusema. Aliniangalia mimi, akangoja niseme. Mimi nikaangalia chini.

Wanawake wa jirani waliitwa, wakakubaliana kwamba amevunja mwiko na msiba wake umeingia kwenye mifugo. Wale kumi na tisa aliowaokoa Paskalina, mama aliamuru wafukiwe pia, kwa kuwa amewagusa. Shimo nililichimba mimi, mbali na kijumba cha wifi, naye hakujua. Walikuwa hai, nami nikawafukia huku nikiwasikia. Jumapili ile Paskalina alirudishwa kwao. Kaka alipofika alikuta mambo yameshaamuliwa, na baadaye akaoa mwingine. Paskalina hakuolewa tena. Nani angemtaka?

Tangu hapo sijafuga kuku. Mjukuu wangu alileta vifaranga kumi kwenye boksi, nikamfokea mpaka akalia.

Mwezi uliopita nilikutana na Paskalina kwenye mazishi. Amezeeka, meno yamepungua. Nilidhani atanigeuzia mgongo. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza, "Wifi, wale niliowatoa walipona?"

Nikamwambia walipona wote, walitaga.

Alitabasamu, akasema, "Nilijua." Yaani miaka yote hiyo alikuwa amebaki na hao tu.

Mama yangu yu hai, amepita miaka tisini, na mpaka leo akimtaja Paskalina anamwita mwanamke wa mkosi. Kaka naye yupo, mgonjwa. Nikisema ukweli, mama atakwenda kaburini akijua dhambi yangu iko mikononi mwake, na Paskalina atajua hata wale kumi na tisa hawakupona. Nikinyamaza, Paskalina atakufa na jina la mkosi nililompa mimi.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, ila mnishauri. Kati ya milango hii mitatu, wa mama, wa kaka na wa Paskalina, nianze kubisha upi?