Mwosha vioo aliyeweka kitambaa chini

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ziwa likiwa bado halijaonekana, mwanamke mmoja anazunguka jengo la wageni ameinama, tochi mkono huu, ndoo mkono ule. Anatafuta ndege waliokufa.

Anamaliza ukuta wa mashariki bila kuokota hata mmoja. Anajinyoosha, mkono kiunoni, na kushusha pumzi. Siku nyingine angeshukuru. Leo kuna mtu anakuja kuwaona.

Wenzake humwita Mama Vioo. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa akifanya usafi katika hifadhi hii ya taifa, na vioo kumi na viwili vya jengo la wageni, kila kimoja kirefu kuliko mlango, ni vyake. Majira haya ya kuchipua, ndege wahamaji wanaposhuka ziwani kwa maelfu kupumzika kabla ya kuendelea kaskazini, wageni hujaa humo na darubini zao, chai mkononi, wakiwatazama kupitia vioo hivyo.

"Wakisema mbona kama hakuna kioo, mimi kichwa kilikuwa kinavimba," anasema. Barua yake ya mfanyakazi bora bado imetundikwa kwenye chumba cha mifagio, juu ya madumu ya sabuni.

Ndege waliokufa amewaokota tangu siku za mwanzo, na hakuwahi kujiuliza. "Nilikuwa nasema, maskini, katoka mbali huyu, kachoka, kafa. Nafagia, naendelea na kazi."

Kisha mwaka jana, majira kama haya, mgongo ukamlaza siku tisa. Hakuna aliyeshika kitambaa kwa niaba yake. Mvua ilipiga, vumbi likaganda, vioo vikawa kama vya gereji. Aliporudi, walinzi walimwambia siku zote hizo wameokota ndege watatu tu. Hakulitilia maanani. Aliona aibu kwa ule uchafu, akajifunga kibwebwe, akavisugua vyote kumi na viwili kwa siku moja.

Asubuhi iliyofuata aliokota kumi na saba.

"Nilikaa chini palepale kwenye changarawe. Nikasema, kumbe ni mimi! Kioo kikitakata, ndege haoni kioo, anaona ziwa. Anajiendea zake ziwani. Kumbe kile walichokuwa wananisifia ndicho kinawamaliza."

Anaposema hayo hamtazami mtu. Anakunja kitambaa mara nne, anakikunjua, anakikunja tena.

Mwaka huu, tangu ndege wa kwanza walipotua, hajavigusa vioo. Ni siku ya kumi na nne. Amehamishia nguvu zake sakafuni, kwenye ngazi na vyooni, na vyoo vya wageni havijawahi kung'aa hivi. Lakini wageni wawili wamelalamika kwa maandishi, amepewa onyo, na mkataba wake unaisha Ijumaa.

Mshahara huo ndio unaolipia vyumba viwili wanavyopanga na dawa za mumewe, seremala aliyeacha kazi kwa maradhi ya miguu. Mzee humtania, ingawa siku hizi hacheki sana.

"Miaka yote umenigombeza nisikanyage sakafu mbichi," alimwambia jana. "Leo wewe ndiye wa kufukuzwa kazi kwa kutetea vumbi?"

"Kula, mzee wangu, chakula kinapoa," mkewe akamjibu.

Juzi alipiga moyo konde, akaingia ofisini kwa msimamizi, akamwomba jambo moja tu: aje alfajiri, ajionee. Msimamizi, kijana wa kumzaa, alikubali. Kumepambazuka, na sasa ndiye huyu anakuja, koti limefungwa hadi kidevuni.

"Shikamoo, mama. Haya, wako wapi hao ndege?"

"Marahaba. Hawapo, bosi. Vioo ni vichafu, kwa hiyo hawafi. Ndiyo hicho nilichokuwa nakwambia."

"Yaani umenitoa kitandani nije kuona hakuna kitu?"

"Ndiyo."

Msimamizi anacheka, kisha anaacha. "Mama yangu, sina ubaya na wewe. Ila wakubwa siwezi kuwapelekea hakuna kitu. Osha leo. Kesho nikiwakuta wamekufa kama unavyosema, naandika mwenyewe vioo visioshwe majira yote ya ndege, mwaka huu na miaka yote. Nakuapia."

Anaondoka. Mama Vioo anasimama mbele ya kioo cha kwanza, ndoo imejaa, ngazi tayari. Amechoka, na hafichi.

"Hesabu yenyewe rahisi," anasema. "Wafe hao kumi na kitu kesho, wengine wapone. Na mimi nibaki kazini. Mwingine angeosha."

Anachovya kitambaa, anakikamua, anafuta sehemu ndogo kama kiganja. Ziwa linatokea hapo, safi, na kidege cha manjano kinarukaruka kwenye matete yaliyo nyuma ya mgongo wake. Anapatazama kwa muda. Kisha anachota vumbi chini, analibandika juu ya unyevu na kulisambaza kwa mkono mpaka ziwa linapotea.

"Ijumaa nitamwambia maneno yaleyale. Miaka kumi na tisa sijamdanganya mtu hapa, hata kwa kijiko kilichopotea. Akinipa mkataba, sawa. Asiponipa, basi. Ninachotaka ni niaminiwe bila maiti."

Anajipangusa mikono kwenye gauni, anabeba ndoo yake na kwenda kuosha vyoo.