Kipa wa Duarani

Shemeji yangu alikuwa kipa mzuri kwa kila mpira isipokuwa mpira wa juu. Wa chini aliulalia hata penye kokoto. Mshambuliaji akimjia peke yake, alimvaa miguuni bila kuyafikiria meno yake. Lakini krosi ikipigwa na mpira ukaanza kushuka kutoka juu, aliinamisha kichwa, akakunja mabega na kujibana kwenye nguzo ya goli kama mtu aliyekutwa na mvua njiani. Mpira ukaingia. Yeye mwenyewe akainuka na kuuangalia wavuni kwa mshangao, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa amesimama pale.

Alitoka Shinyanga kufuata dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, kama wengi waliojaa kwetu Kemambo miaka ile, akamwoa dada yangu. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya ugavi, nikakaa kwao nikisubiri kuitwa kazini. Nilikuwa mtu wa kusubiri kwa mwili mzima. Simu ikilia, nilikuwa nimeshajibu kichwani maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Nadhani ndiyo maana kocha wa timu ya wachimbaji, aliyekuwa mchimbaji pia, alinikabidhi kipa wake.

"Msomi, wewe una simu kubwa na huna kazi," alisema. "Tafuta huko ndani wanavyofundisha makipa. Huyu akiendelea kujificha hivi, siku ya mechi timu ya Ringwani itatufunga kwa kona tupu."

Nikatafuta. Simu, kwa sababu zake yenyewe, ikaniletea makipa wa mpira wa magongo wa kwenye barafu. Sikuwa nimewahi kuwaona. Wamejifunga mito miguuni mpaka mapajani, usoni wamevaa chuma, na wanacholinda ni goli dogo ambalo kwetu lingetosha chandimu ya watoto. Kinachopigwa si mpira bali kisahani cheusi kinachokuja kwa kasi ya kutisha. Nilijua ni mchezo mwingine kabisa. Nilijua pia kwamba barafu ya Kemambo ni ile ya ukwaju wanayonunua watoto wakitoka shule. Lakini nilizitazama zile video mpaka chaji ikaisha, kwa sababu niliona kitu kilichonigusa: makipa wale walikuwa wakifundishwa kutazama. Mwalimu wao alitundika kitambaa mbele ya goli ili kisahani kionekane kwa kuchelewa. Aliwarushia vimpira viwili kwa mara moja. Aliwafunga mipira ya kuvutika miguuni ili kila hatua iwe nzito. Nikaamua kwamba tatizo la shemeji ni macho.

Basi nikatengeneza vifaa. Turubai lililochanika nikalitundika kwenye kamba mbele ya goli letu nyuma ya nyumba, nikalitoboa tundu katikati. Vimpira nilivifuma kwa maganda ya mahindi na matambara. Kwa ajili ya miguu, nilimwomba dada ule ukanda wake wa tyubu ya tairi. Kabla ya kubeba mimba alikuwa akiponda mawe ya dhahabu pamoja na wanawake wengine. Wao huuzungusha ukanda wa namna hiyo kwenye jiwe ili vipande visiruke wakati nyundo inaposhuka.

"Wa nini?" akauliza dada.

"Nimfunge mumeo."

"Mfunge vizuri, asiende kilabuni," akasema, akanipa.

Wachimbaji waliokuwa wakipita walisimama kutuangalia. Mmoja akaniita kama vijana wa kule wanavyoitana: "Mura, hiyo barafu yenyewe utaimwaga lini?"

"Ataazima friji ya mama soda," mwenzake akajibu. "Kipa ateleze mpaka Mugumu."

Shemeji alicheka kuliko wote. Alikuwa na kicheko kilichomwinamisha. Lakini alifanya kila nilichomwambia, ukanda mapajani, macho kwenye tundu la turubai, na kila alipodaka kimpira alinirudishia kwa mikono miwili kama anayempa mgeni maji. Sijui kama nimewahi kuaminiwa namna ile. Nilijaribu kutolifikiria sana. Nikalifikiria sana.

Hatua ya mwisho nilipanda juu ya kifusi cha mawe na kumdondoshea mipira kutoka juu. Tulianza na matambara mepesi ambayo hayawezi kumwumiza mtu. Nilimwambia asidake, atazame tu mpaka kimpira kimguse usoni. Siku za kwanza shingo yake ilikataa. Nilikuwa naona kabisa akitaka kuinua uso na kitu fulani mgongoni kikimvuta chini. Kisha pole pole shingo ikalegea. Akaanza kudaka. Jioni moja kocha alikuja, akapiga krosi kwa nguvu zake zote, na shemeji akapaa, uso juu, mikono juu, akautoa mpira hewani. Kocha akavua kofia, akainamisha kichwa mbele yangu mimi niliyekuwa sijaitwa kazini popote.

Tulipokaa kupumzika, shemeji alibaki amelala chali kwenye majani.

"Unajua, shemeji, kule chini duarani mbingu ni kama sahani," alisema. "Unaiona kwa mbali tu, juu ya kamba. Hapa golini ndipo naiona yote. Ulikuwa unanifundisha mpira, kumbe umenipa na hii."

Niliondoka pale nikiwa na furaha safi, na furaha safi kwangu haikai.

Ilikaa mpaka Jumapili. Tulikuwa tumetoka kanisani, tunakula jikoni, dada akanyoosha mkono kwenye rafu na mfuniko wa sufuria ukateleza. Ulishuka moja kwa moja kichwani kwa mumewe. Shemeji akainua uso, akautazama unavyokuja, akaudaka kwa mkono mmoja bila kuacha kutafuna. Nikapiga makofi.

Dada hakupiga. Alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika tumbo.

"Umemfundisha nini mume wangu?" akaniuliza.

"Kudaka, dada. Si umeona?"

"Huyu alikuwa haangalii juu. Wote hawaangalii juu. Mimi nimekaa pale mdomoni mwa duara na nyundo yangu, nimesikia. Aliye juu akiona jiwe limechomoka anaita, 'Jiwe!' Na walio chini wanabana ukutani, kichwa kimeinama, kofia ngumu ndiyo inapokea. Anayeinua uso linampata usoni." Akamgeukia mumewe. "Umeinua uso."

"Ni mfuniko tu, mama," shemeji alisema, lakini aliuweka chini pole pole.

Sasa nikaelewa ile nguzo ya goli. Hakuwa anaogopa mpira. Shingo yake ilikuwa imefundishwa na duara kwa miaka, ikamrudisha kwa dada kila jioni, na mimi nimekaa juu ya kifusi nikaifundisha upya kwa vitambaa.

Kesho yake alishuka duarani kama kawaida. Nilimfuata mpaka mdomoni mwa shimo, nikakaa pembeni ya wavuta kamba. Waliniona wakafikiri nimekuja kuomba kazi. Nilisikiliza. Kila kokoto iliyogonga matimba, zile mbao zinazoshikilia kuta, ilinifanya nichungulie. Mara moja mvuta kamba aliita, "Jiwe!" na chini kukawa kimya, halafu sauti ya kitu kugonga, halafu kimya tena. Ndipo shemeji akaita kutoka chini kwamba wote salama. Alipopanda jioni, uso mwekundu wa vumbi, nilimwuliza alifanya nini.

"Nilibana," akasema. Kisha, kwa sababu hakuwa mtu wa kunidanganya, akaongeza, "Lakini nilifikiri kwanza. Zamani nilikuwa sifikiri."

Nyumbani nilimwambia tuache. Nilisema kocha atafute kipa mwingine, mkulima, mtu anayefanya kazi chini ya mbingu. Shemeji hakubisha. Alianza tu kuufungua ukanda wa tyubu mapajani, maana alikuwa ameshaufunga kwa ajili ya mazoezi, na jinsi alivyoukunja, kwa upole, kona kwa kona, ilinishinda. Dada ndiye aliyesema, "Kaa. Mpe vyote viwili, cha golini na cha duarani."

Kwenye zile video nilikuwa nimewaona makipa wa barafuni wakigonga nguzo za goli kwa gongo lao kabla ya kuanza, kushoto, kulia. Nilidhani ni mbwembwe. Sasa nikaona ni mlango: ukigonga, umeingia sehemu nyingine. Tukatengeneza mazoezi mawili. Akivaa glavu na kugonga nguzo, anatazama juu na kudaka. Akivaa kofia ngumu, anasimama kando ya ukuta wa nyumba, na mimi kutoka juu ya ngazi naita, "Jiwe!" na kudondosha donge la udongo. Hapo anabana. Glavu, kofia, glavu, kofia. Dada alileta kigoda chake akawa ndiye anayeita, kwa sababu sauti yangu, alisema, ni ya mtu anayeomba radhi. Aliita mpaka majirani wakazoea. Mimi nilikuwa naiangalia shingo. Kofia ikiwepo na shingo ikachelewa hata kidogo, tulirudia. Ya kudaka sikuyarudia sana.

Mechi ilichezwa kwetu. Ringwani walikuja na trekta, wamesimama kwenye tela wakiimba. Shemeji aligonga nguzo, kushoto, kulia, na kwa muda mrefu alidaka kila kitu. Krosi tatu au nne alizitoa hewani uso ukiwa juu, na watu wetu wakaanza kumwita tai. Kila alipodaka, watu waliruka na mimi niliitazama shingo yake. Nilimwambia dada, "Yuko vizuri mno."

"Nyamaza uangalie," akasema, lakini naye alikuwa ameukamata mkono wangu.

Karibu na mwisho, bado hakuna goli, Ringwani wakapata kona. Nyuma ya goli letu walikuwa wamejipanga mashabiki wao, na kati yao kijana mmoja aliyewahi kuchimba Kemambo kabla ya kurudi kulima. Mpira ulipigwa, ukapanda, ukaanza kushuka. Shemeji alikuwa ameshainua mikono. Kijana yule akaweka viganja mdomoni, akaita kwa sauti ya mdomo wa duara:

"Jiwe!"

Kipa wetu akabana kwenye nguzo. Kichwa chini, mabega juu, papo hapo, bila kufikiri. Mpira ukampita juu na kuingia kwenye kona ya wavu.

Uwanja ulilipuka. Kocha alijitupa chini. Mtu nyuma yangu alisema, "Msomi, barafu yako imeyeyuka!" na wengine wakaongeza yao. Nami nilikuwa nimesimama nikimwangalia: glavu zote mikononi mwake, kofia haipo, na shingo yake tayari ilikuwa imejibu, kabla ya kumwuliza. Dada aliinamisha paji la uso begani kwangu. Nilihisi anatetemeka, nikafikiri analia, kumbe anacheka.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona."

Filimbi ilipolia, shemeji alikuja kwetu taratibu, akiburuza miguu, akivua glavu. Alikuwa na huzuni ya kweli na sikutaka kuipunguza. Alimtazama dada, akanitazama mimi, akaona nyuso zetu.

"Tumefungwa," alitukumbusha.

"Tumefungwa," nikakubali, nikampokea glavu. Dada alimfuta vumbi shingoni kwa ncha ya khanga, akarudia palepale, ingawa vumbi lilikuwa limeshaisha.